Boti kung'aa si boti kuwa nzima

 

Juma lililopita papa mmoja alinipigia simu baada ya kipindi. Ametoka upande wa ziwa Tanganyika, alikuwa mvuvi huko, na tangu afike Lualaba amefanya kila kazi ndogo aliyoipata. Yeye na shemeji zake wawili wamechanga makuta mwaka mzima, wakanunua boti kuukuu ya faiba kutoka kwa mtu aliyekuwa akiitumia kwa matembezi ya wikendi. Wanataka kuvua na kuvusha watu. Boti ilikuwa nyeupe zamani. Leo jua limeila, ukiigusa mkono unabaki na unga kama chaki. Papa aliniuliza hivi: ninunue pati gani ili ing'ae tena? Sokoni wauzaji watatu wamempa majibu matatu, na kila mmoja alikuwa na kopo lake la kuuza.

Mimi si fundi wa boti. Ni mtu wa redio. Lakini nilichukua swali lake, nikaenda kwa watu wa garaje wanaopiga rangi magari, kwa maseremala wanaochonga mitumbwi, na kwa wavuvi wazee. Nikasoma pia. Leo natoa maoni yangu, na nayasema wazi tangu mwanzo: wengi wetu tunaanzia mwisho. Tunanunua mng'aro kabla ya kujua kidonda kiko wapi. Kwa boti inayobeba watu, kosa hilo linaweza kuua.

Nina sababu ya kusema hivyo. Miaka kadhaa iliyopita nilipanda boti moja ziwani nikienda kufanya habari juu ya bei ya samaki. Nilikuta boti mbili pwani. Moja ilikuwa ya mbao, nyeusi kwa lami, inanuka moshi. Nyingine ilikuwa nyeupe, inametameta mpaka unaona uso wako. Nilichagua nyeupe, kama wewe ungechagua. Katikati ya ziwa nikasikia miguu imelowa. Chini ya benchi palikuwa na ufa mrefu kama kiganja. Mtu aliupaka pati ya magari, akasugua, ufa ukajaa pati na ukapotea machoni. Maji yakaiosha pati ile kidogo kidogo. Tulirudi tukichota maji kwa beseni na kwa kiatu changu. Ile boti nyeusi ndiyo iliyokuja kutupokea. Tangu siku hiyo siamini boti kwa macho.

Basi tuanze mahali panapofaa. Kabla ya kuuliza pati gani, uliza boti yako imetengenezwa na nini. Hapa kwetu tuna aina tatu: mbao, chuma au aluminiamu, na faiba. Kinacholinda moja kinaweza kuharibu nyingine.

Tuchukue faiba kwanza, kwa kuwa ndiyo ya papa wetu. Faiba ni nyuzi za kioo zilizoshikwa na gundi ngumu. Juu yake kuna ngozi ya rangi ambayo mafundi wanaiita jelikoti. Ngozi hiyo ni nyembamba, mara nyingi karibu nusu milimita tu. Ndiyo inayozuia maji kuingia ndani ya nyuzi. Jua letu la kiangazi linaichoma, inageuka unga. Unga ule ndio unaobaki mkononi.

Vitu vinavyouzwa kwa kuirudisha viko vya namna tatu, na watu wanavichanganya. Ya kwanza ni pati ya kukata. Ina chembe ngumu ndani, inafanya kazi kama msasa. Inaondoa tabaka lililokufa. Ya pili ni polishi laini, inayofuta mikwaruzo iliyoachwa na ile ya kwanza. Ya tatu ni nta. Nta haikati kitu. Inakaa juu kama mwavuli, inazuia jua na uchafu kwa miezi michache, kisha unapaka tena. Muuzaji akikuambia kopo moja linafanya yote matatu, muulize lina chembe au halina chembe. Chukua tone dogo katikati ya vidole, sugua. Ukisikia mchanga mwembamba, hiyo inakata.

Hapo kuna jambo ambalo papa mmoja wa garaje alinieleza vizuri: kila ukikata, unapunguza. Ngozi ya nusu milimita haina akiba kubwa. Mtu anayesugua boti yake kwa pati kali kila sikukuu, baada ya miaka michache ataanza kuona michirizi ya nyuzi chini ya rangi. Siku hiyo boti inang'aa kuliko zote pwani, na maji yameshapata mlango. Kwa hiyo chagua pati laini kuliko unayodhani unahitaji. Jaribu mahali padogo, ukubwa wa sahani, upande usioonekana. Kama inatosha, usitafute kali zaidi. Kama haitoshi, ndipo upande ngazi moja. Kama unga ni mwingi sana, tumia msasa wa maji, anza na namba 600 au 1000, malizia na 2000, kisha polishi, kisha nta. Fanya kivulini, siyo juani, kwa sababu pati ikikauka inakwaruza. Osha kwanza kwa maji safi na sabuni ya kawaida. Ukisugua juu ya matope unasugua na mchanga.

Na tafadhali, tuache jivu, unga wa matofali na dawa ya meno. Jivu la sufuria ni la sufuria.

Lakini kabla ya hayo yote, papa, gonga boti yako. Chukua mpini wa kisu, gonga polepole toka mbele hadi nyuma. Mahali pazima panatoa sauti kavu. Mahali ambapo tabaka zimeachana panatoa sauti nzito, kama kugonga boga. Angalia chini kama kuna malengelenge. Maji matamu ya ziwa yanaweza kuingia polepole na kuinua ngozi. Tia ndoo chache za maji ndani ya boti ikiwa nchi kavu, uone inalia wapi. Ufa unazibwa kwa gundi ya faiba na nyuzi mpya, hauzibwi kwa pati. Na uzibe kabla ya kupaka nta au polishi yenye silikoni, siyo baada. Silikoni inaacha mafuta ambayo gundi na rangi havishiki. Ukipaka kwanza ukataka kutengeneza baadaye, utakuwa umejifungia mlango mwenyewe. Ukisaga faiba, vaa barakoa ya vumbi na tumia maji, maana vumbi la kioo si la kuvuta.

Sasa mbao. Wengi wa wavuvi wa Nzilo, wa Mweru na wa Upemba wanavua katika mitumbwi ya mbao, na kwa hiyo pati za sokoni haziwahusu kabisa. Mbao inapumua. Inavimba majini, inasinyaa juani. Kinachoilinda ni kuziba nyufa vizuri, kuikausha polepole kivulini, na kuipa mafuta au lami inayofaa. Nimeona watu wakipaka mawese. Nawaelewa, yapo nyumbani. Lakini mawese hayakauki yakawa ngozi. Yanabaki yananata, yanakusanya vumbi na ukungu. Mafuta ya kitani, yale ya mafundi rangi, yanakauka na kuwa magumu. Yakipatikana, paka nyembamba mara kadhaa, na kila mara subiri ikauke. Onyo moja kubwa: matambara yaliyolowa mafuta ya kitani usiyarundike nyumbani. Yanaweza kujipasha moto na kuwaka yenyewe. Yatandaze nje yakauke, au yaloweshe ndani ya maji. Kwa familia zinazoishi chumba kimoja na watoto, hilo si jambo dogo.

Wengine wanapaka mafuta machafu ya moteri. Ni ya bure, garaje inayatupa. Kweli mbao inakuwa nyeusi na maji yanateleza. Lakini mafuta yale yamebeba masizi na chembe za vyuma, na yanatoka kidogo kidogo ndani ya ziwa lile lile ambamo mama anachota maji ya kupikia na sisi tunavua samaki. Sisi watu wa Kolwezi tumelalamika miaka mingi juu ya wanaochafua mito yetu. Tusiwe wachafuzi wadogo tukingoja wakubwa waache.

Ndugu zetu wa pwani ya bahari, Lamu na Zanzibar, walikuwa na akili yao ya zamani katika jambo hili. Upande wa juu wa jahazi walipaka sifa, mafuta ya maini ya papa na samaki wengine, yenye harufu ambayo huwezi kuisahau. Upande wa chini, unaokaa majini, walipaka shahamu, yaani mafuta ya mnyama yaliyochanganywa na chokaa. Katika maungio ya mbao walishindilia pamba iliyolowa mafuta, kazi inayoitwa kalafati. Angalia mpangilio wao: kwanza kalafati, kisha shahamu na sifa. Pambo lilikuja mwisho, kama makuta yalibaki.

Nakuja kwenye chuma, na hapa linaingia jina la nchi yetu. Ulimwengu unaijua Mashamba kwa mashimo ya shaba na kobalti. Wachache kati yetu wanajua kwamba shaba ni rafiki wa meli tangu zamani. Baharini kuna mnyama anayetoboa mbao za meli, na magugu na makombe yanayong'ang'ania chini yake. Mwaka 1761 jeshi la majini la Uingereza liliifunika meli yake HMS Alarm kwa mabati ya shaba upande wa chini. Yule mnyama akashindwa. Lakini meli ilipokaguliwa baada ya muda, misumari ya chuma iliyogusana na shaba ilikuwa imeliwa. Mahali ambapo karatasi ilibaki katikati ya shaba na chuma, misumari ilikuwa mizima. Maji yakikutanisha metali mbili, ile dhaifu inaliwa. Hata leo, rangi nyingi zinazopakwa chini ya meli za baharini zina unga wa oksidi ya shaba.

Kwa nini nawaambia haya? Kwa sababu rangi hizo zinafika pia katika masoko yetu, na muuzaji anakuambia ni ya boti, ni kali, ni ya Ulaya. Kama boti yako ni ya aluminiamu, rangi yenye shaba itaila boti kama vile shaba ilivyokula misumari ya Waingereza. Itatoboka vishimo vidogo ambavyo huvioni mpaka siku umebeba watu. Na kama boti yako ni ya mbao au faiba, bado uliza: unaihitaji ya nini? Yule mnyama wa kutoboa mbao anakaa maji ya chumvi. Nzilo ni maji ya mto Lualaba, yaliyozuiwa na bwawa lililoanza kutoa umeme mwaka 1952. Hana nafasi humo. Utakuwa umelipa dola zako kutia sumu ya shaba majini, katika jimbo ambalo halina upungufu wa shaba majini.

Kwa aluminiamu, kuosha vizuri na kuiacha na rangi yake ya kijivu si aibu. Ile rangi hafifu ni ngozi inayojitengenezea yenyewe ili isiliwe. Kwa chuma cha kawaida, ondoa kutu yote, paka rangi ya kwanza ya kuzuia kutu, kisha rangi ya juu. Ukipaka juu ya kutu, umeifunika tu ili iendelee kula kwa utulivu.

Najua mtu atasema: wewe wa redio, unatufundisha mambo ya wenye makuta. Boti inayong'aa inapata wateja. Abiria wanakimbilia ile nzuri. Ni kweli, na mimi mwenyewe nimekiri nilikimbilia nyeupe. Papa wetu naye ana haki ya kutaka chombo chake kipendeze. Mtu aliyepoteza nyumba, nyavu na mtumbwi wake kwa vita, akipata tena kitu chake mwenyewe, anataka kiwe safi mbele ya watu. Simcheki. Kuna heshima ndani ya hilo.

Ninachosema ni mpangilio wa matumizi. Dola ya kwanza iende kwenye ufa. Ya pili kwenye koti la kuogelea, kwa sababu hakuna pati inayoelea na mtoto. Ya tatu kwenye ngozi ya boti, yaani nta, mafuta au rangi inayofaa aina yake. Mng'aro uje baada ya hapo, na kwa kweli ukifanya kazi ya tatu vizuri, mng'aro unakuja wenyewe.

Wenzetu wa Kivu wanajua uzito wa haya. Tarehe 3 Oktoba 2024, boti iliyotoka Minova ilizama karibu na bandari ya Kituku, Goma, ikionekana kabisa kutoka nchi kavu. Makumi ya watu walikufa. Vita vilikuwa vimekata barabara, na ziwa ndilo lilibaki njia ya wengi. Boti ile haikuzama kwa ajili ya pati. Ilielezwa kwamba ilijaza watu kupita kiasi. Naitaja kwa sababu ya jambo moja: mtu anayekimbia hana nafasi ya kukagua. Anapanda kinachoondoka. Anaamini macho yake na neno la mwenye boti. Kwa hiyo jukumu la kukagua haliwezi kuwekwa mgongoni mwa abiria mwenye mtoto mgongoni. Ni la mwenye boti, na ni la utawala.

Hapo natoa ombi langu kwa viongozi wetu. Katika maziwa na mito ya nchi hii, wenye boti wanatozwa karatasi nyingi. Nimeona kwa macho wakala akihesabu karatasi na kusifia rangi, bila kuinama kutazama chini ya benchi. Mtu wa kugonga boti kwa mpini wa kisu, mara moja kwa mwaka, nchi kavu, angetusaidia kuliko mihuri mitano. Haihitaji mashine. Inahitaji mtu aliyefunzwa siku mbili na asiyepokea bahasha.

Kwa wauzaji wa sokoni: andikeni juu ya kopo ni ya nini. Ya gari au ya boti, ina chembe au haina, ina silikoni au haina, ina shaba au haina. Msiuze mabaki yaliyohamishwa katika chupa za maji bila jina. Mnajua ninazozisema.

Kwa ninyi abiria: siwaambii mkague, nawaambia mtazame vitu vitatu kwa dakika moja. Maji ndani ya boti kabla haijaondoka. Beseni la kuchotea liko wapi. Idadi ya makoti ya kuogelea. Kama mwenye boti anakasirika kwa kuulizwa, hilo nalo ni jibu.

Papa wetu nilimpigia tena juzi. Amegonga boti yake. Mahali pawili panatoa sauti ya boga, upande wa nyuma, karibu na mahali pa kufunga moteri. Alikaa kimya kidogo kwenye simu, kwa sababu makuta ya pati sasa yatakwenda kwenye gundi ya faiba, na safari ya kwanza itachelewa. Kisha akaniambia mke wake amefurahi. Tangu mwanzo hakutaka wamsifu kwa boti nyeupe, alitaka wanaume watatu warudi nyumbani jioni.

Mimi sina la kuongeza juu ya neno la mama huyo. Kama una mtumbwi au boti, leo kabla ya giza, chukua kisu chako, geuza mpini, nenda ukagonge.